Amana ya Programu: Mhadhara juu ya Uwazi, Siri na Usalama wa Kompyuta

Shukurani zangu ziwafikie waandalizi wa mkutano huu, kwanza kwa kunialika, na pili kwa kushikilia kwamba maneno yote ya leo yasemwe kwa Kiswahili, maana mambo ya kompyuta kwetu yamezoea kusemwa kwa lugha za watu, hata mwananchi ambaye fedha zake, barua zake na siri za nyumba yake zimo ndani ya vyombo hivyo hujiona mgeni asiye na haki ya kuuliza.

Muradi wangu ni kulichungua shauri moja ambalo wapenzi wa kompyuta hulibishania kila wakutanapo, tena kwa hamasa kubwa: je, programu ambayo maandishi yake yamewekwa wazi, kila atakaye ayasome, na programu ambayo maandishi yake yamefichwa na mwenyewe, ipi kati ya hizo ni salama zaidi kwa mtumiaji? Nadhani swali hili, jinsi liulizwavyo, huwaacha nje watu ambao usalama wetu umo mikononi mwao, nao ni watunzaji wa programu. Nitatoa hoja nne, wala hazina uzito mmoja. Nitakapokawia mniwie radhi, na nitakapopita upesi msidhani nimepuuza.

Kwa wale ambao kazi yao ni nyingine, na wamekuja kwa kupenda elimu tu, naomba nieleze kidogo. Programu huandikwa na binadamu kwa maandishi ambayo binadamu mwenziwe aliyejifunza aweza kuyasoma. Hayo ndiyo msimbo chanzo. Kisha msimbo huo hupitishwa katika programu nyingine iitwayo kompaila, ukageuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu ambazo mashine huzitii mara moja, lakini mtu hawezi kuzifasiri ila kwa mashaka makubwa. Ziko kampuni zituuziazo tarakimu hizo peke yake na msimbo zikaufungia. Na wako waandishi watoao vyote viwili, wakamruhusu kila mtu kusoma, kurekebisha na kugawa. Programu za namna hii ya pili ndizo tuziitazo programu huria, na asidhani mtu kwamba ni za wachache, kwani kiini cha kila simu ya Android iliyomo mifukoni mwenu sasa hivi, kiitwacho Linux, ni programu huria, na seva nyingi sana za intaneti duniani huendeshwa kwa kiini hicho hicho.

Hoja ya kwanza: Kuficha msimbo hakuuondoi udhaifu wake

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha aliyezaliwa Uholanzi akafanya kazi Ufaransa, aliandika katika jarida la elimu ya kijeshi makala juu ya maandishi ya siri, akaweka kanuni ambayo wataalamu wa fani hii wangali wakiifuata: kwamba mtambo wa kuficha habari uwe salama hata ukiangukia mzima mikononi mwa adui, na kitu cha pekee kipasacho kufichwa kiwe ufunguo. Sababu yake i dhahiri. Ufunguo ukiibiwa hubadilishwa upesi, ilhali mtambo uliokwisha kugawiwa jeshi zima haubadilishwi ila kwa gharama na taabu, na siri ijuliwayo na watu elfu imekwisha kuwa habari ya sokoni.

Kerckhoffs hakuiona kompyuta, lakini yaliyotokea mwaka 2017 yangemhuzunisha bila ya kumshangaza. Msimbo wa Windows haukuwa wazi kwa umma. Hata hivyo Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, lijulikanalo kama NSA, liligundua udhaifu ndani yake, likautengenezea silaha ya kupenyea katika kompyuta za watu, likanyamaza. Silaha hiyo ikaibiwa, na mwezi wa Aprili mwaka huo ikatangazwa hadharani na kundi lililojiita Shadow Brokers. Tarehe 12 Mei ikatiwa ndani ya programu ovu iliyoitwa WannaCry, ambayo ilifunga mafaili ya watu na kudai fidia, ikaenea katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa wasiojua lolote juu ya ugomvi huo wa wakubwa. Basi siri ya msimbo haikumzuia mwenye nguvu kuupata udhaifu. Ilipunguza tu idadi ya watu wema ambao wangeweza kuupata kabla yake.

Hapa nina neno kwa kila aliyemo ukumbini. Microsoft walikwisha kutoa rekebisho la udhaifu huo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla ya maafa, na kompyuta zilizokuwa zimesasishwa hazikupenyeka kwa njia ile. Simu yako ikuombapo ruhusa ya kujisasisha nawe ukaijibu «kesho» kila siku, jua kwamba kutolewa kwa rekebisho kumewaonyesha wabaya mahali hasa palipo na tundu, na kila siku uongezayo ni siku yao. Najua vifurushi vya data ni ghali kwetu, na ya kuwa mtu huona uchungu kukitumia chote kwa jambo lisiloonekana. Lakini katika mashauri yote ya usalama wa kila siku, sijui lililo na faida kubwa kuliko hili kwa gharama ndogo kama hii.

Hoja ya pili: Uwazi ni ruhusa ya kutazama

Wapenzi wa programu huria, nami ni mmoja wao, wana hoja waipendayo, iliyoenezwa na Mmarekani Eric Raymond katika miaka ya 1990, ya kwamba macho yakiwa mengi kosa halina pa kujificha. Dhana hii ni nzuri, na mara nyingi imethibiti. Ila inachukulia kwamba macho hayo yanatazama kweli.

OpenSSL ni programu huria ifanyayo kazi ya kuyafumba mazungumzo kati yako na seva, ili nywila yako isisomwe njiani. Mwezi wa Machi 2012 lilitoka toleo lake lenye kosa dogo: mtu aliweza kuiuliza seva kama ingali hai, akaitaka imrudishie neno fulani, akataja urefu mkubwa kuliko neno lenyewe, nayo seva, bila ya kupima, ikamrudishia neno lake pamoja na chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu yake, hadi kilobaiti 64 kwa kila swali. Katika masalio hayo zilikuwamo nywila, na hata funguo za siri za seva zenyewe. Kosa hilo, lililopewa jina la Heartbleed, lilikaa wazi mbele ya dunia nzima kwa miaka miwili, mpaka likagunduliwa na Neel Mehta wa Google, na mbali naye na wataalamu wa kampuni ya Codenomicon ya Finland, likatangazwa tarehe 7 Aprili 2014. Siku chache baadaye mamlaka ya kodi ya Kanada ilikiri kwamba namba za bima ya jamii za walipa kodi wapatao 900 zimechukuliwa.

Watu walipouliza ni nani waliokuwa wakiitunza programu hiyo, itegemewayo na mabenki na serikali, jawabu liliwatia haya wengi: kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeifanyia kazi kwa muda wake wote, na michango iliyowafikia ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka. Ilikuwa mithili ya kisima ambacho miji kumi huteka maji, na mzee mmoja ndiye auzibaye ukingo wake kwa mikono, bila ujira, na kila ajaye huteka akaenda zake.

Wala si makosa ya kusahau peke yake. Mwaka 2006, katika mfumo wa Debian, mtunzaji mmoja aliondoa mistari michache ya OpenSSL kwa sababu chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiilalamikia. Nia yake ilikuwa safi, na alitangulia kuuliza. Matokeo yake ni kwamba unasibu ambao funguo za siri huzaliwa kwao ulikauka, hata funguo za aina moja na ukubwa mmoja zilizoweza kutengenezwa zikawa 32,767 tu, idadi ambayo kompyuta ndogo huimaliza kwa kuzijaribu moja moja. Palipita takriban miaka miwili kabla ya Luciano Bello kuligundua jambo hilo, likatangazwa Mei 2008. Maandishi yalikuwa wazi muda wote huo. Aliyeyasoma kwa makini ndiye aliyekosekana.

Hoja ya tatu: Adui humjia mtunzaji kabla ya kuijia programu

Sasa nimefika pale nitakapokawia, kwa sababu kisa hiki kimenifundisha zaidi kuliko vingine vyote, tena nisikiapo kikitajwa katika mabishano, kila upande hukitaja nusu.

Iko programu ndogo huria iitwayo xz, ambayo kazi yake ni kuyabana mafaili yachukue nafasi ndogo. Haina fahari yoyote, na watu wengi waitumiao hawajui kwamba wanaitumia. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, kwa hiari, katika saa zake za mapumziko. Mwaka 2021 akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta masahihisho madogo mema. Mwaka 2022 wakajitokeza watu wengine, wasiojulikana wametoka wapi, wakawa wakimsonga yule mtunzaji hadharani kwamba kazi inakwenda polepole na kwamba ampe mwingine nafasi. Naye akawajibu kwa uungwana kwamba hali yake ya nafsi si njema, na kwamba kazi yenyewe ni ya kujitolea isiyo na malipo. Baada ya hayo Jia Tan alipewa sehemu ya utunzaji. Tafakarini subira ya hila hiyo: miaka zaidi ya miwili ya utumishi wa kweli, ili kuinunua amana ya mtu aliyechoka.

Mwezi wa Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0, na mwezi wa Machi toleo 5.6.1, na ndani yake mlikuwa na mlango wa uani. Ulifichwa kwa ustadi wa kutisha. Sehemu kubwa ilitiwa ndani ya mafaili ya majaribio, ambayo ni tarakimu tupu zisizosomeka, wala hakuna aonaye ajabu kuyakuta katika programu ya kubana. Na ile hati fupi ya kuyafumbua haikuwamo katika hazina ya msimbo waisomayo watu, ilitiwa katika furushi la toleo lililokwisha kufungwa tayari kupelekwa kwa wagawaji. Kwa kuwa Debian, Fedora na wenzao wameiunganisha programu ya OpenSSH, ambayo kwayo wasimamizi huingia katika seva kutoka mbali, na maktaba nyingine ya msimbo ambayo nayo huitegemea xz, mlango huo ulimwezesha mwenye ufunguo wake maalumu kuiamrisha seva bila ya kuulizwa nywila.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL aliyeajiriwa na Microsoft. Hakuwa akitafuta mlango wowote. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake katika toleo la majaribio la Debian, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kunakula nguvu za kompyuta kuliko desturi. Wengi wetu tungeipita nusu sekunde hiyo. Yeye aliifuata hatua kwa hatua, akakumbuka malalamiko ya ajabu aliyoyaona kabla yake, akaingia ndani ya maktaba, ndani ya furushi, ndani ya yale mafaili ya majaribio, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Matoleo yenye sumu yalikuwa yamekwisha kuingia katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, na majuma machache mbele yangeingia katika matoleo ya kudumu ambayo seva nyingi zisizo na hesabu huyategemea.

Wapinzani wa programu huria husema: mmeona, mlango uliingizwa mchana kweupe. Wafuasi wake hujibu: mmeona, uligunduliwa kabla ya madhara. Kila mmoja ana haki ya nusu. Naungana na wafuasi katika jambo hili, kwamba Freund aliweza kuifuata nusu sekunde yake mpaka mwisho kwa kuwa hapakuwa na ukuta njiani. Katika programu iliyofungwa angeandika barua ya malalamiko kwa kampuni, akangoja. Na asiseme mtu kwamba kampuni zenye watumishi wa mshahara hazitiliwi sumu. Mwaka 2020 ilibainika kwamba kampuni ya SolarWinds ya Marekani, ambayo programu yake ya Orion haikuwa huria, iliingiliwa na wavamizi waliotia msimbo wao wakati wa kuijenga, na sasisho hilo, likiwa na muhuri halali wa kampuni, likawafikia wateja wapatao 18,000, zikiwamo wizara za serikali ya Marekani. Palipita miezi kadhaa kabla ya kampuni ya FireEye, nayo ikiwa imedhurika, kuligundua mwezi wa Desemba.

Lakini nitakuwa nimewahadaa ninyi na nafsi yangu nikikomea hapo. Mlango wa xz haukugunduliwa na utaratibu wowote tuliouweka. Uligunduliwa na tabia ya mtu mmoja asiyestahimili kuona kitu kinachelewa bila sababu, na jumuiya nzima isiyo na ulinzi ila mtu wa namna hiyo haina ulinzi wa kutegemewa. Na kilichovunjwa kwanza hakikuwa msimbo: kilikuwa upweke wa mtunzaji. Laiti angalikuwa na wenzake wawili watatu wa kumshika mkono, na ujira wa kumwezesha kupumzika, wale wenye kumsonga wasingalipata pa kuingilia.

Hoja ya nne: Imani haikomi kwenye msimbo

Hoja hii ni fupi, naileta kwa ajili ya vijana wadhanio kwamba mtu akiwa na msimbo chanzo mkononi, yote anayo. Mwaka 1983 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, katika mhadhara alioutoa kwa kupokea tuzo ya Turing, alionyesha kwamba kompaila yaweza kutiwa hila, ikawa kila inapoigeuza programu ya kuingilia hutia ndani yake mlango wa siri, na kila inapojigeuza yenyewe huirithisha hila hiyo, hata msimbo wake ukisafishwa ukawa hauna doa. Basi awezaye kusoma kila mstari aweza bado kudanganywa. Sehemu moja ya dawa yake, ambayo watu wa Debian na wenzao wameishughulikia kwa zaidi ya miaka kumi, ni kuhakikisha kwamba msimbo mmoja ukigeuzwa mahali mbalimbali na watu wasiojuana huzaa tarakimu zile zile, ili mmoja akitiliwa hila tofauti ionekane. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, nami nawaheshimu sana waifanyao.

Haya yatuhusu nini sisi

Mwenyekiti amenionyesha saa, nami naharakisha. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, mshahara, ada ya shule, mahari, rambirambi na hata nauli zetu zimehamia katika simu, na nchi chache duniani zimewatia wananchi wao wa kawaida katika imani ya programu kwa kina kama chetu. Wateka maji wa kisima kile nilichokitaja ni sisi pia. Naomba basi mabishano yetu ya «huria au siri» yafuatwe na maswali matatu kila tununuapo au tujengapo mfumo: ni nani aitunzaye programu hii, ni nani amlipaye, na ni nani mwingine aliyeisoma?

Zipo nchi zilizokwisha kuanza. Ujerumani tangu mwaka 2022 ina mfuko wa umma uwalipao watunzaji wa programu huria za msingi. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, na masharti yake makubwa yatashika tarehe 11 Desemba 2027. Muuzaji wa programu katika soko lile, hata akiwa wa Nairobi au Dar es Salaam, atatakiwa aijue orodha ya viungo vyote vilivyomo ndani ya bidhaa yake na kuvirekebisha vinapoharibika. Kampuni zetu zisingoje kuulizwa na wageni.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni kubwa kuliko sisi. Mwaka 2004, katika mradi ulioitwa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Sweden walitoa OpenOffice kwa Kiswahili, na hawakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Walioweza kuitafsiri programu kubwa vile waweza kuzikagua zilizo ndogo. Pendekezo langu kwa wakuu wa vyuo waliomo humu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, badala ya kujenga mfumo mpya wa maktaba ya shule ambao hakuna atakayeutumia, aruhusiwe kuchukua programu moja huria, ndogo, yenye mtunzaji mmoja, aisome yote, arekebishe akionacho, na apewe alama kwa masahihisho yake yaliyokubaliwa. Na kwa kampuni za simu na mabenki, pendekezo langu ni kwamba kila moja itangaze hadharani programu huria izitegemeazo na kiasi inachowachangia watunzaji wake.

Maswali yenu nitayapokea sasa, hata yale makali. Baada ya hapo naomba kila kijana ajuaye lugha ya C abakie nasi kidogo: waandalizi wametuahidi chumba kila Jumamosi asubuhi, nami ninayo orodha ya maktaba chache ambazo watunzaji wake wameomba wasaidizi, na jioni hii hii tutachagua ile tutakayoanza kuisoma.